Mwalimu asiyeshika kiboko

Kwa kinyozi mmoja wa Majengo, Mombasa, runinga imetundikwa juu ya kioo, na flashi iliyochomekwa ubavuni mwake haijachomolewa tangu mwaka uliopita. Wanaongoja zamu kwenye benchi hawaulizwi wanataka kutazama nini. Jumamosi ile kilikuwa kikionyeshwa Mind Your Language, kipindi cha vichekesho cha Uingereza kilichorekodiwa nusu ya wateja wale hawajazaliwa.

Darasani Ali Nadeem ameulizwa swali dogo, akajibu swali jingine kabisa. Ranjeet Singh ameunganisha viganja na kuomba radhi mara elfu moja. Mwalimu wao, kijana mwenye nywele zilizofunika masikio, amefumba macho, akayafumbua, akaanza upya. Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja wa kofia ya viua alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kikoi.

"Huyu mwalimu yuwapi siku hizi?" akauliza kijana aliyekuwa akinyolewa.

"Ashakufa kitambo," kinyozi akajibu bila kuzima mashine.

"Alikufa na nini?"

Hapo kila mtu akawa na habari yake. Mmoja alisema ajali ya ndege. Wa pili akasema hakufa kitambo, alitangazwa juzi tu kwenye WhatsApp, na picha aliiona. (Bila shaka alimchanganya na Rowan Atkinson, yule Mr. Bean, ambaye simu zetu humuua kila baada ya miezi michache naye yu hai.) Mzee wa kofia alisema mtu mwenye uso kama ule hafi mapema.

Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Kwao, kama ilivyokuwa kwangu kwa miaka mingi, alikuwa Mista Brown, basi. Nilikuwa nimeagizwa na mhariri niandike habari za mtu huyo huyo, na daftari nilikuwa nalo mfukoni, lakini niliona haya kulitoa mbele ya watu wanaocheka.

Aliitwa Barry Evans. Alifariki Februari 1997, akiwa na miaka 53. Kazi yake ya mwisho haikuwa ya uigizaji. Alikuwa dereva wa teksi.

MTOTO WA MAKAO

Evans alizaliwa tarehe 18 Juni 1943 katika mji wa Guildford, kusini mwa Uingereza, vita vya pili vya dunia vikiendelea. Aliachwa angali mchanga, akalelewa katika makao ya watoto yatima. Mapenzi ya kuigiza yalimshika mapema, na kipaji chake kikampatia ufadhili wenye jina la John Gielgud, mmoja wa vigogo wa jukwaa la Uingereza, wa kusoma katika chuo cha Central School of Speech and Drama, London.

Mwaka 1968 akaonekana kwenye nafasi ya mbele katika filamu ya Here We Go Round the Mulberry Bush, iliyoongozwa na Clive Donner. Aliigiza kijana wa shule anayehangaika kutafuta mpenzi katika mji mpya wa Stevenage. Evans alikuwa ameshafikisha miaka ya ishirini na kitu, lakini hakuna aliyemtilia shaka kwenye sare ya shule.

Uso ule ndio uliomlisha. Mwaka uliofuata kampuni ya London Weekend Television ilimpa uhusika wa Michael Upton, mwanafunzi wa udaktari katika Doctor in the House, vichekesho vilivyotokana na riwaya za Richard Gordon. Baadhi ya watunzi wake walikuwa vijana waliokuja kuvuma baadaye, John Cleese na Graham Chapman wakiwemo. Upton akawa kipenzi cha watazamaji, akaendelea naye katika Doctor at Large ya 1971, kisha akajitoa. Mfululizo ukaendelea bila yeye.

Miaka iliyofuata haikuwa na mpangilio. Mwaka 1976 alicheza katika filamu ya vichekesho vya mapenzi, ya bei rahisi, iitwayo Adventures of a Taxi Driver. Humo alikuwa dereva wa teksi wa London anayependwa na kila abiria wa kike. Filamu yenyewe haina uzito wa kusimamisha mtu hapa, ila nitairudia baadaye kwa sababu ya hiyo teksi.

NGUMBARO YA LONDON

Tarehe 30 Desemba 1977, runinga ya ITV ya Uingereza ikaonyesha sehemu ya kwanza ya Mind Your Language. Mtunzi wake, Vince Powell, alipata wazo kutokana na yaya wa kigeni aliyekuwa akienda masomo ya jioni kujifunza Kiingereza. Mwongozaji alikuwa Stuart Allen.

Hadithi ni nyepesi mno. Jeremy Brown, mwalimu kijana, anaajiriwa kufundisha Kiingereza darasa la watu wazima. Sisi tungeliita ngumbaro. Mkuu wa shule, Bi Courtenay, aliyeigizwa na Zara Nutley, haamini kwamba mwanamume anaweza kufundisha, kwa hiyo anamchukua kwa majaribio tu. Brown anafungua mlango wa darasa na kukutana na dunia nzima imekaa kwenye madawati.

Yupo Ali wa Pakistan na Ranjeet, Kalasinga wa India, wasiopikika chungu kimoja. Yupo Giovanni, mpishi Mtaliano, na rafiki yake Max wa Ugiriki. Yupo Juan, Mhispania wa kaunta ya baa. Danielle wa Ufaransa na Anna wa Ujerumani ni mayaya. Chung Su-Lee wa ubalozi wa China haachani na kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao. Taro anawakilisha kampuni ya Japani ya vyombo vya umeme. Jamila, mama wa nyumbani kutoka India, anaingia bila neno la Kiingereza, na ufumaji wake mkononi.

Kumi kwa jumla. Mzaha wote ni mmoja tu: mwalimu anauliza, mwanafunzi anaelewa sivyo.

Taro, kwa mfano, huongeza irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza. Watazamaji wa London walivunjika mbavu. Nakumbuka nyumbani kwetu mzaha huo haukueleweka vizuri. Basi, benki, shati, kabati: kwani maneno hayo husemwaje?

> Evans hakuwa msema vichekesho. Alikuwa mpokezi wavyo, na kupokea ni kazi ngumu zaidi.

Ukikitazama leo utaona kwamba Barry Evans hasemi karibu chochote cha kuchekesha. Maneno ya kuchekesha wamepewa wengine. Kazi yake ni kungoja. Anasikiliza jibu lote la kipuuzi mpaka mwisho, uso ukiwa na matumaini. Kisha matumaini yale yanamtoka polepole, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka chini. Anameza mate, anatabasamu kwa adabu, anauliza tena. Kicheko chetu kinatokea kwenye zile sekunde mbili za kimya, kabla hajafungua mdomo. Mwigizaji mwenye haraka angeziua.

RUNINGA YA JIRANI

Kenya tulikipata kipindi hiki kupitia kituo cha taifa, kilichokuwa kikiitwa Sauti ya Kenya hadi 1989 kilipobadilishwa kuwa KBC. Kituo kilikuwa kimoja. Ukitaka kutazama, unatazama, hutaki, unazima. Mtaani kwetu runinga ilikuwa kwa jirani, na baadaye zilipoenea zile seti ndogo za Great Wall zisizo na rangi, kulikuwa na waliozitumia kwa betri ya gari. Betri ikipungua nguvu, picha ilisinyaa kutoka pembeni, na Mista Brown alibaki katikati kama mtu aliye ndani ya tundu la ufunguo.

Watu wazima walicheka Kiingereza ambacho wengine wao hawakukielewa. Hilo lilinishangaza utotoni, na nimekuja kulielewa kwa kurudi nyuma, shuleni.

Shuleni kwetu kulikuwa na kibao chenye kamba, tukikiita monto. Aliyenaswa akisema Kiswahili au lugha ya mama alivishwa shingoni, na njia ya kukivua ilikuwa moja: kumnasa mwenzako naye akiteleza. Jioni kibao kilirudishwa ofisini, na waliokivaa mchana kutwa walijulikana kwa majina. Ngũgĩ wa Thiong'o ameiandika desturi ya namna hii, na aibu iliyofuatana nayo, katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Sina la kuongeza ila kwamba mimi niliwahi kulala na njaa kwa ajili yake, kwa kosa la kumuuliza mwenzangu, kwa Kiswahili, saa ngapi.

Sasa mtoa kwenye darasa hilo mtoto wa miaka tisa, mpeleke kwa jirani saa mbili usiku, mwonyeshe mwalimu wa Kiingereza, Mwingereza mwenyewe, ambaye mwanafunzi anakosea mbele yake mara kumi kwa dakika na hakuna anayechapwa. Hakuna kibao, hakuna fimbo mezani. Mtu mzima anasema neno la ovyo kabisa, na mwalimu anamwambia, kwa upole, ajaribu tena.

Kwetu kile kilikuwa kichekesho cha pili, ambacho Vince Powell hakukiandika. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001. Mista Brown alikuwa amekiweka chini tangu 1977.

> Mwingereza mwenyewe anasikiliza makosa mara kumi kwa dakika, na hakuna anayechapwa.

LONDON YAONA HAYA

Kwao, Uingereza, mambo hayakwenda hivyo. Mfululizo ulikuwa na watazamaji wengi, na idadi inayotajwa kwa siku zake nzuri ni milioni 18. Hata hivyo baada ya misimu mitatu na sehemu 29, Desemba 1979, ukakatwa. Aliyeukata ni Michael Grade, mkurugenzi wa vipindi wa London Weekend Television, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuongoza Channel 4 na kuwa mwenyekiti wa BBC. Kwa maoni yake, namna kipindi kilivyowachora wageni ilikuwa ya kudhalilisha.

Ili kumwelewa Grade, mtu akumbuke Uingereza ya wakati ule. Chama cha National Front kilikuwa kikiandamana mitaani dhidi ya wahamiaji, na Agosti 1977, miezi minne kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa, maandamano yake ya Lewisham, kusini mwa London, yaliishia kwa mapigano makubwa. Mtoto wa Kipakistani aliyekwenda shule Jumatatu alikuta wenzake wameshajifunza kuongea kama Ali. Kwake yeye haikuwa ngumbaro ya kuchekesha. Alikuwa amebandikwa jina.

Powell mwenyewe hakuwa mgeni wa lawama hizo. Yeye na Harry Driver ndio waliotunga Love Thy Neighbour, iliyoonyeshwa kuanzia 1972 hadi 1976, ambamo jirani mweupe na jirani mweusi walirushiana matusi ya rangi na watu wakaitwa waburudike.

Mwaka huo wa 1972 una habari yake kwetu. Ndio mwaka Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, na takriban 28,000 kati yao wakapokelewa Uingereza. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala kuwasihi wasiende huko, kwamba nafasi imekwisha. Walikwenda. Wenzao kutoka Kenya walikuwa wameshatangulia tangu miaka ya 60. Leo ukishuka Leicester na Kiswahili chako, hutakosa dukani mzee wa kukujibu, tena kwa lafudhi ya Kisumu au Jinja.

Kwa hiyo mgogoro juu ya kipindi hiki una pande mbili, na zote zina watu ninaowaheshimu. Wapo wanaosema kipindi kilifanya kila taifa kuwa tabia moja: Mtaliano kelele, Mjerumani amri, Mchina siasa, Mfaransa mapenzi. Na wapo wanaosema kuwa kinachochekwa mle ni Kiingereza chenyewe, lugha isiyoandikwa kama inavyotamkwa, pamoja na Waingereza wanaoamini dunia nzima yapaswa kuijua. Bi Courtenay, wanakumbusha, ndiye mjinga kuliko wote darasani, na hana kisingizio cha ugeni.

Wahindi walipata jibu lao la vitendo. Mwaka 1993 walitengeneza Zabaan Sambhalke, Pankaj Kapur akiwa mwalimu, na lugha inayofundishwa ikawa Kihindi. Wageni wanaokosea sasa walikuwa pamoja na Mwingereza. Marekani nayo ilijaribu toleo lake, What a Country!, kuanzia 1986, likadumu msimu mmoja.

Mimi naona Grade alikuwa na haki kuhusu Ali na Ranjeet, maana wametungwa kwa kalamu ya kivivu, na mzaha wao ukiusikia mara ya tatu umeshaujua wa nne. Kuhusu Brown simkubalii. Kalamu hiyo hiyo ilimpa Evans mwalimu ambaye angeweza kuigizwa kwa dharau, yaani mzungu mwerevu anayecheka wajinga pamoja na watazamaji, akikonyeza kamera. Evans alikataa kukonyeza. Mtazame vizuri: kila jibu la kipuuzi analipokea kana kwamba linaweza kuwa sahihi.

NANI HAYUMO DARASANI

Lipo jambo ambalo sisi tuliokuwa tukicheka kwa jirani hatukuliona. Kati ya wanafunzi wale kumi, hakuna Mwafrika hata mmoja. Tulikuwa huru kucheka kwa sababu dawati letu lilikuwa tupu. Lingekaliwa na mtu anayeitwa Otieno au Juma, anayechanganya L na R au kuanza kila sentensi kwa neno la kwao, nina hakika barua za malalamiko zingefika Sauti ya Kenya kabla ya wiki kwisha.

Waigizaji nao hawakuwa vile walivyoonekana. Max wa Ugiriki, Kevork Malikyan, ni Mwarmenia aliyezaliwa Uturuki. Juan Mhispania, Ricardo Montez, alikuwa mtu wa Gibraltar. Su-Lee wa China ya Mao, Pik-Sen Lim, alizaliwa Penang, Malaysia. Ranjeet, Albert Moses, alizaliwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ali, Dino Shafeek, alizaliwa Dhaka, Bangladesh ya leo, na alifariki 1984 akingali na umri wa kufanya kazi.

Na Danielle, yule Mfaransa aliyewafanya wanaume wa mtaa wetu wanyamaze? Françoise Pascal alizaliwa Mauritius. Mtu wa visiwa vya Bahari ya Hindi, jirani yetu wa maji haya haya, alikuwa amekaa safu ya mbele tukamwita mzungu.

> Tulikuwa huru kucheka kwa sababu dawati letu lilikuwa tupu.

Wala tusijifanye watakatifu wa lafudhi. Mzee Ojwang', baba wa vichekesho vya runinga ya Kenya, aliongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo katika Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa miaka mingi. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015, Waluo walikuwa miongoni mwa waliomlilia zaidi. Mwalimu King'ang'i wa Daniel Ndambuki, yaani Churchill, ameamsha Wakenya redioni asubuhi nyingi kwa Kiswahili cha Kikamba.

Huku Pwani ndiko kubaya zaidi. Mtu wa bara akisema "kitabu yangu" kwenye duka la Mji wa Kale, hatasahihishwa. Atajibiwa vizuri, atapewa chenji yake, na akishageuza mgongo ndipo watu watazamane. Na mgeni wa kiume anayejifunza Kiswahili akitamka kwa fahari kwamba "nimeolewa", huyo habari zake zitafika Kisauni kabla yake. Nimecheka vicheko hivyo. Sikumbuki nikimwambia mtu, kwa upole, ajaribu tena.

TEKSI

Mwaka 1986 Mista Brown alirudishwa kwa sehemu 13, safari hii na kampuni ya kujitegemea iliyolenga zaidi masoko ya nje, yaani sisi. Baadhi ya wanafunzi wa zamani walirudi. Hata Uingereza penyewe si kila mkoa uliozionyesha sehemu hizo. Evans alikuwa na miaka 42 au 43 na bado aliitwa kijana.

Hapo ndipo ule uso uliomlisha ulipoanza kumnyima. Nafasi za vijana alikuwa amezipita kwa umri. Nafasi za mababa, mahakimu na wakubwa wa ofisi zilihitaji mtu mwenye mikunjo. Wenye kugawa kazi walipomtazama walimwona Jeremy Brown, na Jeremy Brown alikuwa amekwisha. Kazi zilikuja moja moja, ndogo ndogo. Filamu ya The Mystery of Edwin Drood ya 1993 ni miongoni mwa za mwisho.

Akahamia Leicestershire, katikati ya Uingereza, akapata riziki kwa teksi za kuagizwa kwa simu. Ndio mkoa ule ule wa Waasia wa Kampala na Kisumu. Miaka 20 kabla, katika ile filamu ya bei rahisi, alikuwa ameigiza dereva teksi mwenye bahati kupita kiasi. Mtunzi wa riwaya angeambiwa afute hilo, kwamba limezidi.

Nchi nyingine zilikuwa zikiendelea kucheka. Kanda za video zilinakiliwa na nakala zikanakiliwa, mpaka sauti ikawa nyembamba na nyuso zikawa za kijani. Baadaye zikaja sahani za CD, kisha flashi. Wengi wa waliocheka, kama sisi, walidhani mtu mwenye uso unaojulikana nchi zote hizo lazima ana jumba na bwawa la kuogelea.

Aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya chini, kijiji cha Claybrooke Magna. Siku chache kabla ya kifo chake aliripoti kwamba gari lake limeibwa. Polisi walilipata. Februari 1997 wakaenda nyumbani kwake kumpa habari hizo njema, wakamkuta amekufa.

Uchunguzi ulionyesha pombe nyingi mwilini na dalili za pigo kichwani. Kijana mmoja alikamatwa, lakini ushahidi haukutosha na hakuna aliyetiwa hatiani. Mchunguzi wa vifo aliacha uamuzi wazi: hakusema ajali, hakusema kujiua, hakusema mauaji. Mpaka leo uko hivyo.

ZAMU YA ANAYEFUATA

Haya yote, kwa ufupi, niliwasimulia pale kwa kinyozi. Sikulitoa daftari. Nilianzia kwenye makao ya yatima kwa sababu nilijua watu wa Majengo wangemjali zaidi wakijua hakuwa na mama, na ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa kofia ya viua alisema "masikini" mara mbili. Nilipofika kwenye teksi, kijana wa kitini aligeuka ghafla, kinyozi akamshika kichwa akakirudisha.

"Mista Brown? Teksi?"

"Teksi."

"Na abiria hawakumjua?"

Nikamwambia huenda wapo waliomjua, kwa kuwa uso haukuwa umebadilika sana.

Juu ya kioo Bi Courtenay alikuwa ameingia darasani bila kubisha hodi, na wanafunzi wote kumi wakasimama, kila mmoja kwa wakati wake. Brown alijipanga mbele yao, kama afanyavyo kila mara, kati yao na mama yule, akianza maelezo ambayo hayataeleweka. Hakuna aliyecheka safari hii. Nikajuta kidogo.

Mzee alikuwa bado anafikiri. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa.

"Na lile gari," akaniuliza, "walimrudishia nani?"

Kinyozi akaukung'uta mtandio, nywele zikaanguka sakafuni. "Anayefuata," akasema.